Sauti ya shangazi inanitoka, na mimi ndo nimeambiwa niandike maisha yake

"Asalam aleikum mama. Mimi nina miaka 29, nakaa Mombasa. Shangazi yangu, dadake babangu, ndo alienilea tangu nina miaka minane, alikuwa akiuza mahamri na mbaazi mlangoni kwake Majengo watu wote wamjua. Amefariki miezi kumi sasa baada ya kulala wodini wiki tatu. Nyumbani wataka kusoma khitma ya mwaka na wameniambia mimi niandike maisha yake tuchapishe tugawie jamaa, manake mimi ndo nilikaa nae sana. Kila nikishika kalamu kinachokuja ni kitanda cha hospitali na mtungi wa oksijeni. Sauti yake naanza kuisahau, kicheko chake ndo kabisa. Juzi nafungua WhatsApp nikaona namba yake kapewa mtu mwengine, pana picha ya kijana na pikipiki, nililia mpaka nikatapika. Ami yangu yuwasema niache kumtajataja maiti, matanga ni siku tatu. Binamu yangu alie Uingereza ataka nimtumie sauti za shangazi nilizonazo kwa simu atengeneze kwa kompyuta aongee tena. Na dada zake shangazi hawataki kabisa iandikwe kuwa aliachwa mara mbili. Je mimi ni mgonjwa? Nasahau kwa sababu sikumpenda vya kutosha? Nianzie wapi?"

Waaleikum salaam mwanangu, na pole sana. Nimeisoma mara tatu. Maswali ni mengi lakini naona yote yamefungwa fundo moja, umekabidhiwa amana na waiona yakuvujia vidoleni, na wale ambao wangekusaidia kuikinga kila mmoja avuta upande wake. Nikupe majibu ya haraka kwanza halafu tukae tuzungumze. Hapana, husahau kwa kukosa mapenzi. Na kwa haya ulioniandikia mimi sioni ugonjwa, naona mtu aliefiwa na mama, ingawa kuna mambo nitakuuliza huko mbele nataka uyajibu kwa ukweli. Pa kuanzia papo, ila si kwenye kalamu.

Wengi wetu tunafikiria kumbukumbu ni kama kanda, imerekodiwa imewekwa mahali, ukibonyeza inacheza na ikikataa kucheza basi imefutika. Sivyo. Jambo likiingia kichwani halikai pahali pamoja, sura huwa upande wake, sauti upande wake, harufu upande wake, na kuna sehemu ndani ya ubongo yaitwa hipokampasi ambayo ndo inajua vipande vipi vilikuja pamoja. Ukikumbuka, vile vipande huitwa na kuungwa upya hapo hapo. Na ili viitwe ubongo wataka kuchokozwa na kitu, mlango fulani, harufu, wimbo, saa fulani ya siku. Sasa fikiria, wewe miaka 21 umechokozwa kila siku bila kujua. Karai likiwekwa jikoni alfajiri, yeye kukuita umshikie sinia, wateja kubisha hodi, mlio wa kiti chake akikaa. Siku alipozikwa hivo vyote vilinyamaza kwa mpigo mmoja, na nahisi huko jikoni kwake huingii tena au ukiingia unatoka mbio. Sauti yake iko. Kilichoondoka ni vile vilivyokuwa vikiiita.

Halafu kuna kukumbuka na kuna kutambua, na watu huvichanganya. Kukumbuka ni kuitoa sauti ya mtu kichwani mwako kukiwa kimya, na hiyo ni kazi ngumu hata kwa sauti za watu walio hai, jaribu sasa hivi kumsikia mwalimu wako wa darasa la nane uone. Kutambua ni kumjua ukimsikia. Mimi nakuambia leo akipita mtu njiani na sauti kama ya shangazi yako kwa sekunde mbili tu utageuka shingo kabla hujafikiria. Kwa hivo usijipime kwa ile ya kwanza ukajihukumu.

Bila shaka umewahi kuisikia hii darsani. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba baada ya bibi Khadija kufariki, dada yake Hala alikuja kwa Mtume (S.A.W.) akabisha kuomba ruhusa aingie, na ile namna yake ya kubisha ikamkumbusha Mtume kubisha kwake Khadija, ikamgusa pale pale. Miaka ilikuwa imepita. Sauti ya dada mtu ikafungua mlango. Nakuletea hii sababu katika barua yako dada zake shangazi umewataja mara moja tu, kama watu wa kubishana nao juu ya talaka. Mwanangu, hao ni kina Hala wako. Ndugu waliokua nyumba moja mara nyingi husema na kucheka kwa mtindo mmoja, na huenda kicheko unachokililia kipo hai chakaa nyumba ya mmoja wao, kaa nao mpaka mmoja acheke.

Tuje kwa kitanda cha hospitali. Kwa nini wiki tatu zimemeza miaka yote? Mtu akiwa na hofu kubwa mwili hutoa adrenalini, na kuna kitu kidogo kama lozi ndani ya ubongo, amigdala, ambacho kikiamka huiambia hipokampasi shika hili kwa nguvu, ndo maana mlio wa mashine na harufu ya dawa ya wodi wavikumbuka wazi kuliko sikukuu ya mwaka juzi. Juu ya hilo, akili huupa mwisho uzito kuliko urefu. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwatia watu mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyengine wakawatia sekunde 60 zile zile kisha wakawaongeza 30 za juu, maji yakipashwa kidogo mpaka nyuzi 15. Walipowauliza mngerudia ipi, wengi wakachagua ile ndefu, ilio na maumivu mengi zaidi ukihesabu, kwa sababu tu mwisho wake ulikuwa nafuu kidogo. Akili inapima jambo kwa pale lilipokuwa kali zaidi na pale lilipoishia, muda wote wa katikati haiuhesabu sana. Na kwako wewe pakali zaidi na mwisho vyote viwili viko wodini. Tena kila usiku umerudi pale kujiuliza ningefanya hivi ningefanya vile, na kila ukirudi wazidi kuikanyaga ile njia mpaka imekuwa barabara.

Wiki tatu. Miaka 21 ni wiki 1,092. Nataka hesabu hiyo uiandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako kabla hujaandika neno jengine. Hospitali itaingia kwenye kitabu, usiitoe, lakini ipewe nafasi yake ya wiki tatu.

Ami yako sasa. Kwanza kumbuka na yeye kafiwa, huyo alikuwa dada yake kabla hajawa shangazi yako, na kuna watu, wanaume wetu hasa, jina likitajwa mezani kifua kinawabana na njia pekee wanayoijua ni kusema jamani yaishe. Pengine si wewe anaekukataza, anaomba mapumziko. Upande wa dini hukumu utamuuliza maalim wako si mimi, lakini ninachokijua ni kwamba zile siku tatu, na miezi minne na siku kumi za mjane, zahusu mtu kukaa msibani na kuacha kujipamba, hakuna alieuwekea moyo tarehe ya kuacha kuhuzunika. Na huyo huyo bibi Khadija, Mtume alikuwa akichinja kondoo kisha awapelekea nyama marafiki zake Khadija, miaka baada ya yeye kuondoka. Huko ni kumtaja mtu, tena kumtaja kwa mkono. Mueleze ami hivyo kwa upole, siku ametulia, na umuombe akupe hadithi moja tu ya utotoni mwao. Nimeona mara nyingi alie mkali wa kukataza ndo huyo akifunguka haishi.

Hata sisi wa kazi hii ya nasaha tulipotea hapo muda mrefu. Lilikuwepo wazo la zamani, latoka kwa Sigmund Freud, daktari wa mambo ya akili, tangu 1917, kwamba kazi ya mfiwa ni kujikata polepole na aliekufa ili aweze kuendelea na maisha. Na zile hatua tano za huzuni ambazo kila mtu azitaja, kukataa, hasira, mpaka kukubali, daktari Elisabeth Kübler-Ross aliziandika 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wenyewe wakikaribia kufa, hakuziandika kwa kuwapima wafiwa, lakini watu wakazichukua wakazifanya ratiba na sasa mtu aja kwangu analia ati mama mimi nimekwama hatua ya pili. Hakuna ratiba. Mwaka 1996 mtafiti Dennis Klass na wenzake waliweka wazi kile bibi zetu walikuwa wakikijua, kwamba watu wengi walio wazima kabisa hubaki na mahusiano na waliowafia, wanawaombea, wanawapikia chakula chao, wanawauliza kimoyomoyo ungesemaje hapa, na hilo halimfanyi mtu mgonjwa.

Lakini pana mpaka, na hapa nataka unisikize vizuri. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa inayotumika tangu 2022 na ndani yake kuna huzuni ya msiba ilioganda, inaanza kuangaliwa baada ya miezi sita, Wamarekani wao kwa mtu mzima wasema mwaka. Wewe uko kumi. Ila miezi peke yake haisemi kitu. Kinachosema ni hivi: bado wamtamani kwa maumivu karibu kila siku mchana kutwa? Waamka asubuhi ukaona huna sababu ya kuamka? Umeacha kazi, umeacha marafiki, wazunguka mtaa mzima usipite mlangoni kwake? Wahisi kwamba hukuamini mpaka leo? Kulia mpaka kutapika siku umeona picha ya mgeni kwenye namba yake hilo mimi silihesabu, yeyote angeshtuka. Lakini kama hayo mengine yapo na yamekuwa ndo maisha yako, usiningoje mimi, nenda kaonwe uso kwa uso na mtu wa afya ya akili, hapa mjini waweza kuanzia hospitali kuu ya Pwani au ile ya Port Reitz, tiba yake ipo na ni mazungumzo maalum kwa wiki kadhaa na watu hupata nafuu. Na ikiwa imekujia hata mara moja fikra ya kumfuata, sizungumzii kumtamani, nazungumzia kujidhuru, basi ni leo leo, mwambie mtu alie karibu na upige 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, hawatozi.

Haya. Tuje kwa kazi.

Kitu cha kwanza ni simu yako, na ni cha kwanza kwa sababu ndo kitu pekee hapa kinachoweza kupotea kesho ferini. Namba yake kupewa mtu mwengine ni kawaida ya kampuni za simu, laini isipotumika muda huuzwa tena, na WhatsApp nao akaunti ikikaa siku kama 120 bila kufunguliwa huifuta. Lakini zile sauti alizokutumia wewe haziko kwake, ziko kwenye simu yako, huyo kijana wa pikipiki hajachukua chochote cha shangazi. Zitakazozimaliza ni simu yako kuibiwa, kuanguka majini au wewe kubadilisha simu bila kuhamisha. Kwa hivo leo usiku kaa, bonyeza moja moja, jitumie kwa imeili, kisha zitie kwenye flashi na flashi hiyo akae nayo mtu wa nyumba nyengine, na kila moja uipe jina lenye tarehe na alichokuwa anasema. Hata ile ya sekunde nne ya "niletee hamira". Hasa hiyo. Ukimaliza usizifanye dawa ya kulala, nina watu wanaosikiza kila usiku kitandani mpaka usingizi ukawahama, zisikize mchana, na mtu, kisha mfanye jambo jengine.

Kuhusu binamu yako. Najua ataka kwa mapenzi, na yuko mbali na yeye kaburini hakufika, umuonee huruma. Faida yake siikatai, kuna mtu akisikia ile sauti yasema jina lake moyo watulia. Lakini nilivokueleza kwamba kumbukumbu huungwa upya kila ikiitwa, basi chochote kilichopo wakati wa kuungwa huweza kuingia ndani. Ukisikia maneno mara ishirini kwa sauti yake ambayo hakuyasema yeye, miaka mitano mbele hutaweza kuapa lipi alilisema shangazi na lipi lilisemwa na kompyuta. Na wewe kilio chako ni kwamba kile cha kweli chakutoka, sasa wataka ukizidishie kisicho cha kweli juu yake? Kisha mwenyewe hakuulizwa, na sauti ya mtu ikishaingia huko hujui itatumika wapi, wezi wa simu wameshaanza kutumia sauti za watu kuomba pesa jamaa. Mimi ningemwambia hapana, na ningempa kazi nyengine ya kompyuta ambayo ataifurahia, asafishe kelele za barabara kwenye zile sauti za kweli ili asikike vizuri. Hiyo ni zawadi.

Cha pili ni harufu. Macho na masikio habari zake huzunguka kwanza kituo cha kati cha ubongo kabla hazijafika kwengine, harufu yenyewe huingia moja kwa moja hadi jirani na ile lozi na hipokampasi, ndo maana kikuba cha asumini kikipita humjui aliekivaa lakini washajikuta uko kwenye harusi ya mwaka uliokuwa shule. Kwa hivo kabla ya kuandika chochote nataka upike mahamri. Yake, sio ya dukani. Kanda usiku kwa tui na iliki kama alivokuwa akifanya, acha unga uumuke, na alfajiri saa yake ile ile utie karai mafuta. Weka daftari pembeni na mikono ikiwa na unga andika neno moja moja, usijipe taabu ya sentensi. Utalia, najua. Jiwekee nusu saa kisha toka nje, wapelekee majirani, nenda kazini, cheka na wenzako bila kujiona mkosa. Watafiti wa msiba Margaret Stroebe na Henk Schut tangu 1999 wametuonyesha kwamba mfiwa alie salama si yule analia tu wala yule ajikaza tu, ni yule aendae na kurudi, saa hii kwenye huzuni, saa ile kwenye maisha.

Leso zake ziko wapi? Kama bado ziko sandukuni na udi wake, ile moja alioivaa sana usiifue. Itie kwenye mfuko mkavu uufunge, lakini hewa yetu ya Pwani ina unyevu, ukiweka nguo haijakauka vizuri baada ya miezi yote ni koga, kwa hivo ianike kivulini kwanza na usiifungue kila siku, harufu kila ikifunguliwa hupungua. Zilobaki zitandaze mkekani na usome majina. Wanawake wetu hawanunui leso kwa maua tu, jina ndo usemi, na ukiwa na mtu alieishi nae atakwambia hii "Hasidi hana sababu" aliinunua wiki gani na ilikuwa ikimwendea nani. Hapo una ukurasa mzima na hujaandika bado. Picha nazo, zile za studio zilizogandana na plastiki ya albamu, usizivute, zipige na simu humo humo karibu na dirisha bila flashi, na zile zinazotoka andika majina nyuma kwa penseli kabla hajaondoka anaewajua waliomo.

Cha tatu, na ndo kikubwa, watu. Nenda kwa mmoja mmoja. Najua itakujia uwakusanye wote siku moja na chai na vitafunio itakuwa vizuri, itakuwa vizuri kweli lakini iache iwe ya mwisho. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Uingereza alionyesha mwaka 1932 kwamba watu wakisimulia tena na tena hadithi waliyosoma huipunguza na kuigeuza mpaka ifanane na wanavyofikiria mambo yanavyokuwa, na sisi tunajua pia kwamba jamaa wakikaa pamoja yule mwenye sauti kubwa akishasema ilikuwa hivi basi wengine wote wanaanza kuikumbuka hivo hivo, bila uongo wa mtu. Ukianza na kikao utapata shangazi mmoja, wa aliesema kwanza. Ukienda nyumba kwa nyumba utapata mashangazi sita, yule wa dada yake, yule wa jirani, yule wa mteja wa mahamri, yule wa ami, na hawatalingana, na usiwalinganishe. Omba ruhusa urekodi, weka simu chini usiishike usoni.

Usimuulize mzee mwaka, atakukasirikia au atabahatisha. Muulize kwa mambo ya mji. Ilikuwa bado lile daraja la Nyali la kuelea au ni baada ya hili la sasa? Hapo ushajua kama ni kabla ya 1980. Ilikuwa kabla ya feri ya Mtongwe kuzama? Hiyo ni Aprili 1994, na hakuna mtu mzima wa hapa asiejua alikuwa wapi siku ile. Mvua za El Niño, 1997. Na wazee wengi miaka wanayoikumbuka kwa wingi ni ile ya tangu kumi hadi thelathini yao, kwa hivo anza huko, ujana, nani alikuwa akimtaka, walitoroka kwenda wapi siku ya sikukuu, alipigwa kwa nini. Usiulize "alikuwa mtu wa aina gani", utaambiwa alikuwa mkarimu mcheshi apenda watu, na hayo utayasoma kwenye kila tangazo la kifo. Uliza alikuwa akigombana na nani sana. Uliza chakula gani hakukitia mdomoni.

Haya, talaka. Dada zake wana haki ya kuogopa, jina la ndugu yao ni jina lao, na mafundisho ya kutowasema vibaya waliotutangulia sote twayajua. Lakini kuachwa si aibu alioifanya yeye. Na nikuulize, yale mahamri yalianza lini? Mimi siwezi kujua, umeniandikia tu kwamba aliuza mlangoni na watu wote wamjua, lakini nimekaa na wanawake wengi wa mji huu na karai nyingi za alfajiri zimewashwa mwezi mmoja baada ya talaka. Kauulize. Ikiwa ndo hivyo, ukiitoa talaka kwenye kitabu umemtolea shangazi jambo kubwa alilolifanya maishani, watoto wa jamaa watasoma kwamba alipenda kupika, na hawatajua kwamba alisimama peke yake akakulisha wewe na karo akalipa. Kipimo changu ni hiki, yeye mwenyewe alikuwa akilisema? Kama alilisema barazani na watu wakacheka nae, si siri yako kuificha, liandike kwa sentensi mbili za heshima, bila majina ya wanaume wala sababu, na wao wana watoto wao. Kama alilificha hata wewe ulilijua kwa kusikia tu, liache, liandike kwenye daftari lako la nyumbani ambalo halichapishwi. Wasomee dada zake ukurasa huo kabla ya kuchapa. Sio kuomba kibali cha kila neno, ni kwamba wakisikia jinsi ulivyoliweka huenda wao wenyewe wakakurekebisha na kukupa zaidi.

Ukifika kuandika usianze na "alizaliwa". Anza na alfajiri moja. Ushaipika, ushaikumbuka, iandike ilivyo, kisha rudi nyuma ukieleza mwanamke huyu alifikaje kwenye karai hilo. Kurasa kumi zatosha.

Nikwambie moja langu. Khalati yangu alipofariki kulikuwa na bibi mmoja Likoni waliekua pamoja, akiniambia kila nikikutana nae njoo nikupe habari za mamako mdogo tulivokuwa wasichana, na mimi nikimwambia inshallah wiki ijayo, kivuko kilikuwa kikinichosha, foleni, jua. Nilimwambia hivyo karibu miaka miwili. Alipofariki nikaenda kwenye mazishi yake nimekaa mkekani na wajukuu zake wananiuliza ati wewe ulikuwa ukimjuaje bibi yetu. Ninacho kitu kimoja tu alichowahi kunidokezea, kwamba khalati alikuwa akiogelea mbali kuliko wavulana. Nani alimfundisha, ilikuwa wapi, aliacha lini, sina.

Kwa hivo miezi hii miwili ilobaki usiitie kwenye kuandika. Ni nani mkubwa kuliko wote katika waliomjua akiwa mtoto, awe dada yake, awe jirani wa zamani, nenda kwake wiki hii, asubuhi kabla hajachoka, mbebee mahamri uliyoyapika hata kama hayakuumuka vizuri, atakwambia tu kasoro yake nini na hapo mazungumzo yashaanza. Chukua na leso mbili tatu. Na la kwanza umuulize, kabla ya kuwa shangazi wa mtu, nyumbani walikuwa wakimwita nani.